Shajara ya mradi: seli sugu, mjafari, na sisplatini iliyofia chupani

Wiki ya 1

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa chumba cha seli, daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, na chupa mbili. Ya kwanza ina A549, seli zilizochukuliwa mwaka 1972 kwenye uvimbe wa pafu la mwanamume mzungu wa miaka 58. Zimeshazunguka maabara za dunia nzima na sasa ziko Dar es Salaam, zinakunywa seramu ya ndama kwenye joto la nyuzi 37. Ya pili ina uzao wa hizohizo, ila umelelewa vingine. Kaka aliyehitimu kabla yangu aliutilia sisplatini, dawa ya saratani yenye platini, kidogokidogo kwa miezi kumi. Kila zilizobaki hai zilipoanza kugawanyika tena, akapandisha dozi. Kwenye kifuniko aliandika kwa wino mwekundu: SUGU.

Swali la mradi ni hili: je, kuna kemikali ya mmea inayoweza kuzifanya seli hizi sugu ziisikie tena sisplatini? Msimamizi wangu ananikumbusha kwamba sikuulizwa kama inaziua. "Kwenye plastiki hata Jiki inaua," ameniambia, na kwa jinsi alivyolisema naona si mara yake ya kwanza.

Ukurasa wa kwanza unadai sababu ya utafiti. Nimeandika kwamba mwaka 2022 watu karibu milioni 2.5 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na milioni 1.8 wakafa nayo. Yenyewe ni kweli, lakini sababu yangu hasa ni baba mdogo. Alimeza dawa za TB miezi sita kwa kikohozi ambacho hakikuwa TB, na alipopigwa picha ugonjwa ulishafika kwenye ini. Sisplatini ilimpa nafuu mizunguko mitatu. Wa nne haukumpa kitu. Sitamwandika tena humu.

Wiki ya 3

Tumeanza na mjafari, *Zanthoxylum chalybeum*. Mtu wa pwani haelezwi mjafari: shina lina vinundu vigumu, kila kimoja na mwiba kileleni, na wazee wanauchemsha kwa malaria. Magome yake yana alkaloidi za rangi ya manjano, nitidini na keleritrini kati yake, ambazo zimeandikwa sana kwenye makala za saratani.

Mtaalamu wa mimea alikata tawi lenye majani na matunda kwa ajili ya kuhifadhiwa, maana jina la kienyeji peke yake halitoshi; mjafari wa hapa na mjafari wa kwa jirani unaweza kuwa miti miwili tofauti. Tulibandua gome upande mmoja tu wa shina, hatukugusa mizizi. Hapo mtaalamu akatusimulia habari ya Shimba Hills, Kenya. Miaka ya 1970, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilihitaji maytansini, kemikali iliyopatikana kwanza kwenye mti wa Ethiopia mwaka 1972. Ndugu wa mti huo, *Maytenus buchananii*, alikuwa Shimba Hills. Zikavunwa tani zaidi ya 20. Waliporudi miaka michache baadaye kutaka nyingine, walipata shida hata ya kuiona hiyo miti.

Tulirudi na kilo mbili za magome. Zimekaushwa kivulini, zikasagwa, zikalowekwa kwenye methanoli siku tatu, zikachujwa. Kilichobaki baada ya methanoli kuondolewa ni kitu kama lami ya manjano. Kimenipaka vidole, na hadi leo ukiviweka chini ya taa ya urujuanimno vinang'aa.

Wiki ya 6

Matokeo ya kwanza, na ni ya ajabu.

Kipimo cha MTT hakina mambo mengi. Unaweka unga wa njano kwenye sahani ya vishimo 96, seli hai zinaugeuza kuwa fuwele za zambarau, mashine inasoma ukali wa rangi. Zambarau nyingi, seli hai nyingi. Niliweka dozi nane za mchujo wa mjafari, kutoka maikrogramu 200 kwa mililita kushuka kwa nusunusu. Dozi ya juu kabisa ndiyo iliyotoa zambarau kali kuliko zote, kuliko hata vishimo visivyotiwa dawa. Kwa hesabu ya mashine, seli zilizolishwa gome la mjafari zilikuwa hai kwa zaidi ya asilimia 100.

Nikachungulia kwenye hadubini. Seli zilikuwa zimejiviringa kama punje za mtama, zinaelea. Zimekufa zote.

Fundi wetu wa maabara, ambaye kila mtu anamwita Mzee ingawa hajafika 50, alisimama nyuma yangu akiwa na kikombe cha chai (mlangoni, hakuingia nacho).

"Umeweka mchujo kwenye kishimo kisicho na seli?"

"Bado, Mzee."

"Basi hujapima kitu, mwanangu."

Nikaweka. Nusu saa, kishimo kitupu, zambarau. Mimea imejaa vitu vinavyoweza kuugeuza unga ule vyenyewe, bila seli hata moja, na mchujo ghafi kama wangu unavyo tele. Nimerudi nikasoma upya makala saba nilizozikusanya kuhusu michujo ya mimea na seli za mapafu, nikitafuta kishimo kitupu kwenye sehemu ya mbinu. Nimekiona katika mbili.

Kuanzia sasa natumia SRB. Seli zinagandishwa kwa asidi, zinaoshwa, kisha protini iliyobaki chini ya kishimo inapakwa rangi ya waridi. Mchujo unaoshwa pamoja na maji, hauna nafasi ya kudanganya. Ndicho kipimo ambacho taasisi ileile ya Marekani ilikichagua kwa koo zake 60 za seli, na A549 ni mojawapo.

Wiki ya 7

Umeme ulikatika Jumamosi usiku, jenereta ikawaka, ila mtungi wa kabonidioksidi ulikuwa umeisha na hakuna aliyejua. Seli zote za wiki hii zimetupwa. Nimeyeyusha akiba kutoka kwenye naitrojeni ya kimiminika.

Wiki ya 9

Sisplatini haiui.

Sio seli sugu tu. Hata A549 za kawaida, ambazo hazijawahi kuonja dawa, zinataka dozi mara nyingi zaidi ya ile inayoandikwa kila mahali. Na nikichora grafu ya seli za kawaida na ya seli sugu, mistari inalaliana. Hakuna usugu. Au kuna usugu kila mahali.

Nimeandika maelezo matatu yanayowezekana. Moja, seli sugu zimeusahau usugu kwa kukaa kwenye friza. Mbili, chupa zilichanganywa, yaani zote mbili ni sugu. Tatu, kipimo changu ni kibovu. La pili limenikaa kichwani, na naungama kwamba nimeshamlaumu kimoyomoyo yule kaka wa wino mwekundu.

Wiki ya 11

Wiki mbili za kurudia. SRB inafanya kazi. Nimeijaribu na paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, na imekata seli vizuri. Paklitakseli nayo ni ya mti: gome la *Taxus brevifolia* lililokusanywa Marekani mwaka 1962, muundo wake ukachapishwa 1971, na kibali cha kutibu kikaja 1992. Miaka 30 kutoka gome hadi wodini. Mtu akiniuliza ninamaliza lini, nina jibu.

Kwa hiyo kipimo si kibovu. Inabaki chupa zilizochanganywa. Nimemwandikia kaka kwa WhatsApp, kwa adabu kadiri nilivyoweza, nikamtumia grafu.

Akajibu: "Umeiyeyusha kwa nini?"

Nikamwandikia aya nzima kueleza kwa nini nimeiyeyusha: kwamba unga hauwezi kuwekwa mkavu, kwamba nilitaka vishimo vya kulinganishia vifanane na vya mchujo wa mmea. Zikapita dakika kumi. Ikaja sauti, anacheka hadi anakohoa. "Dada, siulizi sababu. Nauliza kimiminika!"

DMSO. Kemikali nyingi za mimea hazikubali maji, basi maabara nzima tunayeyushia kiyeyushi hiki, DMSO, na mkono wangu ukafanya vivyo hivyo bila kuniuliza. Sisplatini ni chembe ya platini iliyobeba kloridi mbili na amonia mbili. Ikishaingia ndani ya seli, kloridi zinadondoka, platini inaing'ang'ania DNA. Lakini salfa iliyomo ndani ya DMSO inaipenda platini, inaiwahi kabla haijaiona seli. Nilichokuwa nawanyunyizia viumbe wangu kwa wiki tatu kilikuwa mzoga wa dawa. Sisplatini inataka maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yenye kloridi ya kutosha kuitunza, ikae mbali na mwanga, na isiwekwe kwenye friji maana inaganda fuwele.

Nimeona aibu, kisha nikagundua kwamba mwaka 2014 kulichapishwa makala nzima katika jarida la *Cancer Research* kuonya juu ya kosa hilihili, kwa kuwa lilikuwa limejaa kwenye tafiti za watu. Aibu imepungua kidogo. Sikuchana kurasa, kurasa za 31 hadi 58 zimepigwa mstari mmoja wa mshazari na tarehe, kama sheria inavyotaka, ili anayekuja baadaye aone.

Wiki ya 12

Maji ya chumvi. Grafu mbili zimeachana, nzuri kama barabara mbili zinavyoachana Chalinze. Seli sugu zinahitaji dozi kati ya mara tatu na nne ya ile inayoziangusha za kawaida. Kaka hakuchanganya chupa. Nimemtumia picha na neno samahani, ingawa hakujua nilichokuwa namwazia.

Mchujo wa mjafari, kwa upande wake, unaua seli za kawaida na sugu sawasawa, na ukiuchanganya na sisplatini haziongezeani nguvu. Haurudishi chochote. Pengine kuna kitu kimefunikwa humo ndani na mchujo ukitenganishwa kitaonekana, lakini hiyo ni shahada ya mtu mwingine.

Wiki ya 14

Kikao cha kundi. Mwenzetu kutoka Nairobi ameuliza swali nililoliogopa: kwa nini nahangaika na sisplatini wakati dunia inazungumzia jeni ya EGFR? Ana hoja. Wagonjwa wenye mabadiliko kwenye jeni hiyo wanapewa vidonge kama gefitinibu, na usugu wao una anwani inayojulikana: karibu nusu yao au zaidi wanapata badiliko liitwalo T790M, ndipo ikaja osimertinibu mwaka 2015, nayo ikapata usugu wake, C797S. Lakini A549 haina tatizo la EGFR. Ugonjwa wake uko kwenye jeni nyingine, KRAS. Kumtafutia dawa ya T790M humu ni kumtafuta mtu nyumba asiyoishi. Na wagonjwa wengi wa hapa wanaanza na platini, sio na vidonge hivyo.

Tukazungumza kwa nini A549 ni ngumu hata kabla ya kufundishwa usugu, na hapo mradi umegeuka. Ndani ya seli kuna protini iitwayo NRF2. Kazi yake ni kuamsha jeni za kujikinga na sumu, zikiwemo za kutengeneza glutathioni, ambayo inaifunga platini na kuitoa nje. Siku za kawaida NRF2 haiachwi ikatamba. Protini nyingine, KEAP1, inaikamata kama mgambo anavyokamata machinga, inaipeleka kuharibiwa. Katika A549, KEAP1 ina kilema. Mgambo hayupo. NRF2 imepanga biashara barabara nzima mchana na usiku.

Na kuna mmea unaosemwa unaigusa. Mwaka 2011 watafiti wa Arizona walionyesha kwamba brusatoli, kemikali chungu kutoka *Brucea javanica* wa Asia, inashusha NRF2 na kuzifanya seli za A549 zisikie sisplatini. Jenasi hiyo ina ndugu wa huku kwetu, *Brucea antidysenterica* wa milima ya Ethiopia na Afrika Mashariki, aliyepewa jina kutokana na James Bruce, msafiri wa Kiskoti wa karne ya 18 aliyekwenda Ethiopia, na kazi yake ya kutibu kuhara damu. Huyo wa kwetu ndiye aliyetoa bruseantini, iliyofika hadi kwa wagonjwa wa saratani miaka ya 1980 kisha ikaachwa kwa kuwa uvimbe haukupungua.

Tumeagiza brusatoli safi, miligramu 5. Kichupa kimefika. Unga hauonekani, bei yake inanifanya nikishike kwa mikono miwili.

Wiki ya 17

Inafanya kazi! Nanomola 40 za brusatoli, dozi ambayo mbele ya sisplatini ni kama chembe ya chumvi kwenye sufuria ya wali, na seli sugu zinaporomoka sisplatini ikiongezwa. Nimerudia mara tatu kwa siku tofauti. Kishimo kitupu: safi. Kiyeyushi peke yake: safi. Brusatoli kwenye DMSO, sisplatini kwenye maji ya chumvi, hazikutani mpaka ndani ya kishimo na DMSO ni tone la tone.

Bloti ya Western, kipimo kinachoonyesha kiasi cha protini kama mistari kwenye karatasi, nayo imekubali. Kwenye karatasi, mstari wa NRF2 unafifia baada ya saa mbili, baada ya saa nne haupo. Aktini, protini tunayoitumia kuhakikisha kila njia imepakiwa sawa, iko palepale. Nimelala saa tano usiku nikiwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Wiki ya 18

Msimamizi ameitazama karatasi kwa muda mrefu. "Aktini inaishi siku kadhaa," akasema. "NRF2 inaishi muda mfupi. Umeangalia nyingine inayoishi muda mfupi?"

Wiki ya 20

Nimeangalia. Mcl-1, protini isiyo na undugu wowote na NRF2 wala KEAP1, ambayo nayo haikai zaidi ya saa chache. Imetoweka kwa mwendo uleule. Kisha nikaweka sikloheksimidi, sumu inayotoka kwa bakteria na kufanya jambo moja tu linalojulikana vizuri: inasimamisha kiwanda cha seli cha kutengeneza protini. Karatasi ya brusatoli na karatasi ya sikloheksimidi nimeziweka sambamba mezani, nikafunika majina, nikamwita Mzee aniambie ipi ni ipi. Alishindwa.

Kwa hiyo brusatoli haimkamati machinga. Inafunga soko zima. Kinachokufa kwanza ni kile kilichokuwa kinategemea kuletewa mzigo kila saa. Maabara nyingine zilishaliandika hili tangu 2016, nilikuwa nalo kwenye kabrasha, nililisoma haraka kwa kuwa sikulipenda.

Wiki ya 21

Simu ya shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia huko mmepata dawa ya saratani kwenye mjafari. Huyu jirani yangu amezidiwa, nikamchimbie?"

Sijui nani aliyempelekea habari. Nimemwambia asichimbe. Nimemweleza kwamba ule mchujo ulikuwa unaua kila kitu, kwamba mgonjwa akiwa kwenye dripu ya hospitali na kikombe cha mizizi pembeni, ini moja ndilo linalobebeshwa vyote, na daktari hatajua kinachomdhuru ni kipi. Kama jirani ameshaanza kunywa kitu, amwambie daktari wake bila woga.

"Kwa hiyo miezi yote hiyo mnafanya nini?" akauliza, sio kwa ubaya.

Nikamwambia tunapunguza orodha. Akaguna, akanisalimia mama, akakata.

Wiki ya 23

Nimeweka brusatoli kwenye MRC-5, fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi, za pafu lisilo na saratani. Hazifi haraka kama A549, ila zinaacha kugawanyika. Kuna nafasi kati ya dozi inayodhuru saratani na inayodhuru seli salama, lakini ni nyembamba. Kwa mwili wa mtu nisingeiamini.

Msimamizi hajakata tamaa, na hoja yake naiona. Kusimamisha kiwanda cha protini si kosa lenyewe: homoharingtonini, ya mti wa *Cephalotaxus*, inafanya hivyohivyo na ilipata kibali Marekani mwaka 2012 kwa aina moja ya saratani ya damu. Maytansini ya Shimba Hills ilikuwa kali mno kupewa mgonjwa peke yake. Ikakaa kabatini miaka mingi, mpaka mtoto wake alipofungwa kwenye kingamwili inayoijua saratani ya matiti yenye protini nyingi ya HER2, na mwaka 2013 akawa dawa. Kamptotesini, ya mti wa Kichina *Camptotheca acuminata*, imepitia njia hiyo pia: mtoto wake, derukstekani, amefungwa kwenye kingamwili, na tangu 2022 anatumika Marekani kwa saratani ya mapafu yenye badiliko la HER2 iliyokwisha kutibiwa ikarudi. Mwaka 2025 kingamwili nyingine yenye mzigo huohuo ikaruhusiwa kwa wagonjwa wa EGFR waliokwisha kupitia vidonge na platini.

Yaani sumu ya mmea imebaki sumu. Kilichobadilika ni mchukuzi. Sisi hapa hatuna uwezo wa kutengeneza kingamwili, na nimeandika hivyo kwenye ripoti bila kupamba. Tunachoweza ni kupima: seli sugu zinahitaji kukaa na brusatoli kwa muda gani kabla ya sisplatini? Kama saa mbili zinatosha kisha tukaiosha, fibroblasti huenda zikapumua na kurudi kazini wakati A549 zimeshapigwa. Msimamizi anasema huenda. Mzee anasema tuone.

Wiki ya 24

Hesabu ya kabatini: brusatoli imebaki robo ya kichupa, inatosha sahani kumi na mbili nikiwa makini. Seli sugu, vichupa saba kwenye naitrojeni. Kabonidioksidi, mitungi miwili, wa pili nimeufunga kitambaa chekundu. Seramu inaisha mwezi ujao na oda bado iko forodhani.

Sisplatini mpya nimeiyeyusha asubuhi, nimeifunga karatasi ya aluminiamu, na kwenye chupa nimeandika kwa wino mwekundu wa kaka, nilioukuta kwenye droo: MAJI YA CHUMVI TU. USIULIZE KWA NINI.

Jumatatu naanza na saa mbili.